Kipimo na Chanjo ya Malaria: Yaliyopatikana Korogwe na Wajibu wa Mwanachama

Msimu wa palizi na msimu wa malaria hufika pamoja. Mvua za masika zinapoanza kunyesha katika wilaya za Korogwe na Handeni, mkulima wa Makuyuni huingia shambani kuwahi magugu katika mahindi yake, na wakati huo huo madimbwi yaliyotuama huwapa mbu mahali pa kuzaliana. Homa ikiingia nyumbani katika wiki hizo, hasara yake haiishii kwa mgonjwa peke yake. Mama huacha jembe akamwuguza mtoto, baba hutafuta fedha za nauli na dawa, na shamba husongwa na majani. Hasara hiyo hufika hata katika vitabu vya chama cha msingi, ijapokuwa hakuna ukurasa ulioandikwa neno malaria: mwanachama aliyetarajiwa kuleta magunia kumi huleta sita.

Kwa muda mrefu kila mwenye homa alihesabiwa kuwa ana malaria, akapewa dawa ya malaria. Leo kuna kipimo kinachotoa jibu katika muda wa dakika 15 hadi 20, na kuna chanjo mbili zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watu wa Korogwe wana sehemu yao katika kazi hiyo, kwani baadhi ya majaribio yaliyoijenga yalifanywa wilayani humo, kwa watoto wa wakulima. Hivyo basi ni haki ya kila mwanachama kujua vitu hivyo vilipatikanaje, vinaweza kufanya nini, na haviwezi kufanya nini.

KIMELEA CHENYEWE

Malaria huletwa na kimelea kidogo mno kisichoonekana kwa macho, ambacho daktari Mfaransa Alphonse Laveran alikiona kwa darubini nchini Algeria mwaka 1880. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alikikuta ndani ya tumbo la mbu. Katika sehemu zetu aina iliyo kali na iliyoenea zaidi ni ile iitwayo falsiparamu.

Mbu jike wa anofelesi anapomwuma mtu huacha vimelea vichache ndani ya mwili. Hivi hukimbilia kwenye ini, mara nyingi kabla saa moja haijapita. Humo hukaa kiasi cha wiki moja, bila mtu kujisikia vibaya, huku kila kimoja kikizaa maelfu. Kisha hutoka na kuingia katika chembe nyekundu za damu, huzipasua na kuingia nyingine, na mzunguko huo hurudiwa kila baada ya saa 48 hivi. Hapo ndipo homa, kutetemeka na maumivu ya viungo yanapoanza. Vimelea vikiziba mishipa midogo ya ubongo, mtoto hupoteza fahamu au hushikwa na degedege; na hapo saa chache tu zaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa katika maelezo hayo. La kwanza ni kwamba dalili za mwanzo, yaani homa na uchovu, hazina alama yoyote ya kuzitenga na dalili za maradhi mengine. La pili ni kwamba kimelea hubadili umbo na makao yake mara kadhaa ndani ya mwili mmoja. Jambo la kwanza ndilo lililofanya kipimo kihitajike, na la pili ndilo lililofanya chanjo iwe ngumu kupatikana.

SI KILA HOMA NI MALARIA

Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliokuwa mahututi walikuwa wametibiwa kama wagonjwa wa malaria kali. Damu zao zilipochunguzwa kwa uangalifu chini ya darubini, ni 2,062 tu waliokutwa na vimelea, yaani chini ya nusu. Lakini habari nzito zaidi ilikuwa ile ya vifo. Katika kila wagonjwa 100 waliokuwa na vimelea walikufa 7 hivi; katika kila 100 wasiokuwa na vimelea walikufa 12. Walioitwa wagonjwa wa malaria bila kuwa nayo ndio waliokufa zaidi.

Sababu yake si vigumu kuifahamu. Mtoto mwenye kichomi, au mwenye uti wa mgongo, au ambaye damu yake imeingiwa na bakteria, hapati nafuu kwa dawa ya malaria hata ikiwa bora namna gani. Siku mbili anazongojewa apone ni siku mbili za ugonjwa wake halisi kuendelea. Aidha, dawa inayotolewa ovyo hugharimu fedha na huwapa vimelea nafasi ya kuizoea. Tanzania ilikwisha kulazimika kuiacha klorokwini mwaka 2001, kisha mwaka 2006 ikaiacha SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria na kuingia katika dawa mseto.

Haja ya kupima imezidi kuwa kubwa kwa sababu malaria yenyewe ilipungua. Katika kijiji cha Mkokola, kilicho sehemu ya tambarare wilayani Korogwe, watafiti waliwapima watoto na vijana mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2003 katika kila 100 waliopimwa, 78 walikuwa na vimelea. Mwaka 2008 walikuwa 13. Katika kijiji cha Kwamasimba, kilicho sehemu ya juu, idadi ilishuka kutoka 25 hivi hadi 3. Katika siku za nyuma aliyekisia kwamba homa ni malaria aliweza kupatia mara nyingi. Malaria inapopungua, kukisia huko huko hukosea mara nyingi zaidi, na hatari ya kosa humwangukia mgonjwa.

JINSI KIPIMO KINAVYOFANYA KAZI

Darubini ni chombo cha kuaminika, lakini yataka umeme au mwanga mzuri, rangi safi za kutia damu, na fundi aliyezoea. Zahanati ya kijijini haivipati vitu hivyo siku zote. Kipimo cha haraka kilibuniwa kuziba pengo hilo.

Kimelea cha falsiparamu kinapoishi katika damu hutoa protini yake maalumu, ambayo haimo katika damu ya mtu asiye na kimelea. Watengenezaji wa kipimo hutumia kingamwili, yaani askari wa mwili, waliochaguliwa kwa sababu huishika protini hiyo. Kingamwili hizo hupakwa katika ukanda mwembamba uliomo ndani ya kibao cha plastiki. Mhudumu huchoma kidole, huweka tone la damu pamoja na matone ya dawa maalumu, na maji hayo hupanda polepole katika ukanda. Protini ya kimelea ikiwemo, hunaswa njiani na mstari wa rangi hutokea. Mstari wa pili, ulio karibu na herufi C, hutokea hata kwa mtu asiye na malaria. Kazi yake ni kuonyesha kwamba kipimo chenyewe ni kizima. Mstari wa C usipoonekana, jibu halihesabiwi, na mgonjwa hana budi kupimwa upya.

Kipimo hiki kina mipaka yake, na ni vema mwanachama aijue. Protini ile huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kutibiwa akapimwa tena baada ya siku kumi aweza kuonyesha mstari ingawa amepona, na haifai aseme kwamba dawa imeshindwa. Pia vimelea vikiwa vichache sana kipimo chaweza kutoviona, na ndiyo sababu mgonjwa ambaye hali yake haibadiliki hutakiwa kurudi. Vibao vikiachwa katika joto kali huharibika. Mwisho, katika nchi chache, kama vile Eritrea, vimeonekana vimelea vilivyopoteza uwezo wa kutoa protini ile, hata nchi hiyo ikalazimika kubadili aina ya kipimo mwaka 2016. Kwa sababu hiyo wataalamu huendelea kuvichunguza vimelea hata baada ya kipimo kuenea.

Hata hivyo, udhaifu mkubwa uliogunduliwa katika mikoa yetu haukuwa wa kipimo bali wa watu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007, uliofanywa pia kaskazini mashariki ya Tanzania, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa waliopimwa na kukutwa hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria vile vile. Pengine mhudumu hakuliamini jibu. Pengine mgonjwa alidai dawa aliyoizoea. Mkulima hakubali gunia lake likadiriwe kwa macho pale mizani ipo. Tena mizani ikisema kilo 90, karani akiandika 70, mkulima hulalamika kwa haki. Kumpima mtoto kisha kulipuuza jibu ni jambo la namna hiyo hiyo, isipokuwa hapa kinachopotea si kilo.

KWA NINI CHANJO ILICHELEWA

Wazazi wengi huuliza kwa nini surua ilipata chanjo tangu zamani na malaria isipate. Kirusi cha surua kina jeni 6 tu. Kimelea cha malaria kina jeni zaidi ya elfu 5, na hubadili vazi lake kila kinapohama kutoka ini hadi damu. Hata mtu aliyeugua malaria mara nyingi hapati kinga kamili. Hupata nafuu ya kutougua sana, nayo hupungua akikaa mbali na mbu wa malaria kwa muda mrefu.

Tanzania ilishiriki mapema katika jitihada hizo, na ilionja kushindwa kwake. Katika miaka ya 1990 chanjo iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia, ilijaribiwa katika kijiji cha Idete, bonde la Kilombero, kwa watoto 586 wenye umri wa mwaka 1 hadi 5. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, na watu walifurahi. Lakini majaribio yaliyofanywa Gambia, Thailand, na baadaye kwa watoto wachanga wa Tanzania, hayakuonyesha kinga ya kutegemewa. Chanjo hiyo iliachwa. Fundisho lake lilibaki: jaribio moja lenye matumaini halitoshi.

Njia nyingine ilikuwa kukishambulia kimelea mapema, kabla hakijaingia katika ini. Chanjo ya RTS,S, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1987 na kampuni ambayo leo inaitwa GSK pamoja na watafiti wa jeshi la Marekani, ilifuata njia hiyo. Kipande cha protini kinachovifunika vimelea vinapotoka kwa mbu kiliunganishwa na protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B, na vitu hivyo hukuzwa ndani ya hamira. Huongezwa dawa ya kuuamsha mwili, ambayo sehemu yake moja hutokana na ganda la mti wa Chile. Hakuna kimelea kizima ndani ya chanjo hiyo; haiwezi kumpa mtoto malaria.

WATOTO WA KOROGWE NA KILIFI

Mwaka 2007 chanjo hiyo ililetwa kujaribiwa katika sehemu mbili za Afrika Mashariki: Kilifi nchini Kenya, na Korogwe, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Miongoni mwa watafiti wa Korogwe alikuwa Dk. John Lusingu. Watoto 894 wenye umri wa miezi 5 hadi 17 waliandikishwa kwa idhini ya wazazi wao.

Utaratibu wake wapasa kueleweka, maana ndio uliozua maswali mengi. Watoto waligawanywa kwa njia ya kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa chanjo ya malaria, na la pili lilipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili kila mtoto apate kitu cha kumfaa. Mzazi hakujua mtoto wake yu katika kundi gani. Siri hiyo haikuwa hila. Kama mzazi angejua, pengine angeacha kutumia chandarua, au angemkimbiza mtoto hospitali upesi zaidi kuliko mwenziwe, na hesabu ingeharibika.

Hesabu ilitoka hivi. Katika watoto 402 waliopata chanjo ya malaria waliougua ni 32. Katika watoto 407 wa kundi la pili waliougua ni 66. Yaani 8 katika kila 100 kwa upande mmoja, na 16 katika kila 100 kwa upande wa pili. Baada ya kusahihisha tofauti nyingine, watafiti walitangaza mwaka 2008 kwamba chanjo ilizuia asilimia 53 ya malaria katika muda wa miezi 8 hivi.

Matokeo hayo yalifungua mlango wa jaribio kubwa lililoanza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Korogwe na Bagamoyo zikiwa sehemu ya Tanzania. Watoto 15,459 walishiriki. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote 4, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa miaka 4 hivi. Waliokosa dozi ya nne walipata asilimia 28 tu, na kinga dhidi ya malaria kali haikuonekana kwao katika muda huo wote. Watoto wachanga waliochanjwa wakiwa na wiki 6 hadi 12 walipata kinga iliyo ndogo zaidi. Ndiyo sababu chanjo hii haianzwi katika wiki za kwanza za maisha, bali kuanzia miezi 5 hivi.

FAIDA NA MIPAKA

Kuanzia mwaka 2019 chanjo hiyo ilitolewa katika baadhi ya sehemu za Ghana, Kenya na Malawi, ikawafikia watoto zaidi ya milioni 2. Wasiwasi uliotokana na jaribio kubwa, ambapo ugonjwa wa uti wa mgongo ulionekana zaidi kwa waliochanjwa, ulichunguzwa na haukuthibitishwa. Homa baada ya sindano hutokea, na kwa watoto wachache huweza kuleta degedege. Mzazi apaswa kuelezwa hivyo mapema. Vifo vya watoto wa umri huo vilipungua kwa asilimia 13. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo tarehe 6 Oktoba 2021. Mwezi Oktoba mwaka 2023 liliipendekeza ya pili, iitwayo R21, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oxford na kutengenezwa na taasisi ya Serum ya India. Hii nayo ilijaribiwa kwa watoto 4,800 katika nchi 4, Bagamoyo na Kilifi zikiwemo. Katika sehemu zenye malaria ya mwaka mzima ilizuia asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. Hata hivyo, hesabu ya mwaka mmoja isilinganishwe na hesabu ya miaka minne kana kwamba ni kitu kimoja, kwa kuwa kinga hupungua kadiri miaka inavyopita. Kule Kilifi watoto waliopata dozi 3 za RTS,S walifuatwa kwa miaka 7, na kinga yao kwa wastani wa miaka hiyo yote ilikuwa asilimia 4 hivi.

Basi chanjo si ukuta. Ni kinga ya sehemu, inayofaa zaidi katika miaka ile ambayo malaria huua zaidi, na inayohitaji chandarua kando yake.

WAJIBU WA MWANACHAMA NA CHAMA

Uamuzi wa kuingiza chanjo katika ratiba ya watoto ni wa serikali ya kila nchi, na habari zake hutolewa katika zahanati. Lakini yapo mambo ambayo mwanachama na chama chake waweza kuyatimiza bila kungoja.

Kwanza, mwenye homa apelekwe kupimwa siku ile ile, hasa mtoto wa chini ya miaka 5 na mama mjamzito. Dawa iliyobaki ya mgonjwa mwingine isitumiwe.

Pili, jibu la kipimo liheshimiwe. Likisema malaria ipo, dozi imalizwe hata kama homa imekwisha kutulia. Likisema haipo, mzazi asidai dawa ya malaria, aulize, "Basi homa hii yatokana na nini?" na asiondoke bila kuelezwa arudi lini.

Tatu, mtoto mwenye degedege, anayepumua kwa shida, asiyeweza kunyonya au aliyepoteza fahamu apelekwe hospitali mara moja. Mficha maradhi kilio humfichua.

Nne, mahali ambapo chanjo hutolewa, dozi zote 4 zikamilishwe. Dozi ya nne huja baada ya muda mrefu, wakati mzazi amekwisha kusahau, na ndiyo ambayo Korogwe na wenzao walionyesha kwamba haifai kukosekana.

Tano, makatibu wa vyama wanaweza kutenga dakika chache katika mkutano wa wanachama kabla ya masika, wamwalike mhudumu wa zahanati aonyeshe kipimo mbele ya watu na kujibu maswali. Watafiti wakija kijijini kuomba ushiriki wa watoto, wanachama waulize bila haya: ni kitu gani kinajaribiwa, kundi la pili litapata nini, mtoto akiugua atatibiwa na nani, na matokeo yatarudishwa kijijini lini. Mzazi ana haki ya kukubali, kukataa, au kujitoa baadaye bila kunyimwa matibabu.

Wazazi wa Korogwe walioruhusu watoto wao waandikishwe mwaka 2007 hawakuahidiwa kwamba chanjo ingefaa. Walikubali ihesabiwe. Hesabu hiyo leo inatumika mbali na mto Pangani, kwa watoto ambao hawatawaona kamwe. Na ingekuwa hasara kubwa iwapo watu wa nyumbani ndio wangekuwa wa mwisho kuitumia.